Kujenga hospisi Pwani: anza na kitanda

Michoro mingi ya hospisi, yaani nyumba ya kutunzia wagonjwa wasiotarajiwa kupona, huchorwa kama ya zahanati: mapokezi mbele, korido katikati, vyumba huku na huku. Lakini mgonjwa wa tiba shufaa, ile ya kutuliza maumivu pale ugonjwa usipoponyeka, akishafika kulazwa, muda mwingi yuko chali au amelala ubavu, na dunia yake imebaki dari, dirisha na mlango. Mchoro uanzie hapo kitandani, ndipo uende nje hadi kwenye paa na kiwanja. Tunayoyasema hapa ni ya ukanda wa Tanga, Bagamoyo na Dar es Salaam; ukienda Njombe, baridi inabadilisha karibu kila kitu.

Jengo liwe refu na jembamba, upana wa chumba kimoja tu, likilala mashariki hadi magharibi. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, takriban Desemba hadi Machi. Kusi hutoka kusini-mashariki kuanzia Aprili. Chumba chenye madirisha kaskazini na kusini hupitisha pepo zote mbili, misimu yote. Vyumba vinavyotazamana kwenye korido huikosa hewa hiyo, kisha unaambiwa ununue viyoyozi. Tena si suala la joto peke yake. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza wodi inayotegemea upepo ipate lita 60 za hewa kwa sekunde kwa kila mgonjwa, na kiwango hicho hakifikiwi kirahisi kwa dirisha la upande mmoja. Wagonjwa wenye kifua kikuu na wenye vidonda vya saratani vinavyotoa harufu ndio wanaoumia.

Kitanda kiwe sambamba na ukuta wa kaskazini, kichwa upande wa mashariki. Akigeuzwa ubavu wa kulia, mgonjwa anatazama dirishani. Kutoka Dar es Salaam kibla kiko karibu kaskazini kabisa, kwa hiyo Muislamu aliye katika sakarati huelekezwa bila kuzungusha kitanda wala kuvuta mirija, na jirani yake Mkristo anaitazama bustani ile ile. Jambo hili halina gharama likiamuliwa kwenye karatasi. Likisahauliwa, watu watasukuma vitanda usiku wa manane.

Acha sentimita 120 kila upande wa kitanda, maana kumgeuza mtu mwenye maumivu kunataka wauguzi wawili. Ukingo wa chini wa dirisha uwe sentimita 60 kutoka sakafuni. Mafundi wamezoea 90, na kwa urefu huo aliyelala anaona mawingu tu. Nondo za dirisha zisimame wima. Nondo ya kulala kati ya sentimita 80 na 100 hukatiza macho yake sawasawa. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alionyesha kwamba waliopasuliwa kibofu cha nyongo wakiwa na dirisha linalotazama miti walihitaji dawa kali za maumivu kidogo kuliko waliotazama ukuta wa matofali. Panda miti kabla ya kumwaga msingi, ili wagonjwa waikute ikiwa mirefu.

Mlango uwe na upenyo wa sentimita 120, bawa moja la 90 na jingine la 30, kitanda kipite hadi barazani. Mteremko wa kiti cha magurudumu usizidi 1 kwa 12, yaani kupanda mita 1 kwa kila mita 12 za kwenda mbele. Wa kusukumia kitanda ufanye 1 kwa 20. Mlango wa choo ufunguke kwa nje, kwa sababu anayeanguka ndani huuziba kwa mwili wake.

Mabati matupu ni adhabu. Mvua ya masika ikipiga, mgonjwa hasikii sauti ya mwanawe. Weka dari, juu yake sufi ya madini (tabaka la nyuzi la kuzuia joto na kelele) ya sentimita 5, na matundu ya hewa kwenye kingo za paa na kileleni. Makuti yana ubaridi mzuri, lakini usiyaweke penye oksijeni: ni moto unaosubiri cheche. Taa isikae juu ya uso wa mtu aliyelala. Ifunge ukutani, mwanga uelekee juu.

Vyoo, dobi, mahali pa kumwagia uchafu na jiko la ndugu viende mwisho wa magharibi. Pepo zote mbili huondoa harufu na moshi kuelekea huko, na vyumba hivyo hukinga jua la alasiri. Jiko la ndugu si anasa; jamaa watapika hata ukikataza, basi wapikie mahali penye sinki na bomba la moshi. Chumba cha kuoshea maiti kiwe huko huko, sakafu ikiteremka 1 kwa 50 kwenye bomba la maji machafu, na mlango wake utoke nje moja kwa moja, jeneza lisipite mbele ya waliolala.

Kwenye sola ndiko miradi huvunjika. Mashine ya oksijeni ya lita 5 kwa dakika hula takriban wati 350, yaani kilowati-saa 8.4 kwa siku nzima. Kwa saa 5 za jua kamili na upotevu wa robo, mashine moja tu inataka paneli za wati 2,240 na betri ya kilowati-saa 5 na ushee kwa usiku. Wafadhili hupenda kupigia hesabu taa na friji, halafu mashine inazimika saa tisa usiku. Ipe saketi yake na inveta yake.

Maji nayo: paa la mita za mraba 250, mvua ya milimita 50, ukitoa upotevu wa asilimia 20, ni lita 10,000 kwa siku moja. Tangi la ukubwa huo linajaa Aprili, na ikifika Agosti limekauka zamani. Kadiria tangi kwa mashuka yanayofuliwa kati ya Juni na Septemba, usikadirie kwa ukubwa wa paa.