Lile jino la Kariandusi

Wambui mwanangu,

Ujumbe wako wa Jumapili nimeusoma mara mbili. Unasema Baraka alisimama darasani huko Kisumu akatangaza kwamba mama yake aliwahi kuona jino la dinosauri Gilgil, mwalimu akamwambia haiwezekani, na mtoto akarudi nyumbani analia. Sasa waniuliza: "Baba, lile jino la Kariandusi lilikuwa la dinosauri kweli?"

Halikuwa. Lilikuwa gego la ndovu, na siku ile nilijua.

Wewe ulikuwa na miaka saba, Njoroge mitano. Nilikuwa kibarua kwenye machimbo ya udongo mweupe pale jirani, ndiyo maana mama yenu alikuwa akifua nguo zangu kando na zenu. Niliwaahidi kuwapeleka kuona mambo ya kale. Tukashuka matatu barabarani, tukatembea juani, Njoroge mgongoni kwangu. Kufika ndani ya kile kijumba cha makumbusho ya Kariandusi, naona mwenyeji wetu wa kututembeza anaanza na mawe. Mawe! Njoroge akanitazama kama mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia, kisha akauliza kwa sauti ya kukaribia kilio, dinosauri yuko wapi? Alikuwa amewaona kwenye televisheni ya jirani. Macho yangu yakatua kwenye lile jino. Nikasema, "Si hilo hapo?"

Mwenyeji wetu alinitupia jicho, akanyamaza. Mungu ambariki.

Lakini wewe mwenyewe likumbuke vizuri. Zito kama jiwe, na juu yake mistari imepangana sambamba, mabonde na matuta, kama bati la paa. Hilo ni jino la kusagia majani, na ndovu hupata magego ya namna hiyo seti sita maishani, jipya likisukuma lililochakaa kutoka nyuma kwenda mbele. La mwisho likiisha, mzee hafi kwa ugonjwa, hufa kwa njaa. Dinosauri mla nyama meno yake ni visu vyenye makali ya msumeno. Wale warefu wa shingo walikuwa na meno ya kunyofolea majani, hawakutafuna. Mwenye jino letu alikuwa ndovu wa aina iliyokwisha kutoweka, mwenye pembe zilizonyooka.

Na mwalimu ana haki kwa sababu nyingine. Dinosauri waliisha miaka milioni 66 iliyopita, kabla Bonde la Ufa halijapasuka. Udongo wa Kariandusi ni wa juzijuzi ukilinganisha. Yale mawe, yaani mashoka ya mkono ya watu wa kale, ambayo kundi la mtafiti Louis Leakey liliyakuta mwaka 1928, yana umri unaokaribia miaka milioni moja. Huko kwenu nako ni vilevile. Rusinga, Koru na Songhor kuna mifupa ya miaka milioni 18 hadi 20, na fuvu maarufu la Proconsul, nyani yule wa kale asiye na mkia, mkewe Mary Leakey alilipata Rusinga mwaka 1948. Mzee sana, lakini kwa dinosauri ni mtoto. Ukitaka kurudi nyuma zaidi unaruka moja kwa moja hadi mawe kama ya Kit Mikayi, ya zaidi ya miaka bilioni 2, wakati hakuna mnyama wa kuacha mfupa. Ni kama lile daftari la madeni la dukani kwa mama Shiro: kurasa za mwanzo zipo, za mwisho zipo, za katikati kuna mtu alizinyofoa.

Kenya dinosauri wapo, ila ni kule Turkana, vilima vya Lapurr. Na majirani zetu Watanzania wana Tendaguru, karibu na Lindi. Wajerumani walichimba kule kuanzia 1909 hadi 1913, wenyeji kwa mamia wakifukua na kubeba mifupa kwa miguu hadi bandarini. Dinosauri mmoja wa huko amesimamishwa Berlin, kimo chake kinapita mita 13. Mtoto wa Lindi akitaka kumwona atafute viza. Hilo huniudhi kuliko uongo wangu.

Mimi sasa ndiyo naona niliwanyima kitu. Yale mawe meusi ya kioo yanayong'aa, mtu aliyachonga pande zote mbili mpaka yakamkaa mkononi, na ukishuka kwenye mashimo unayakuta yamelala chini palepale. Hata ule udongo mweupe niliokuwa nikiupakia kwenye lori ni vigamba vya vimwani visivyoonekana kwa macho, vilivyotulia chini ya ziwa lililokuwa pana kuliko Elmenteita ya leo. Miaka kumi na moja nilivuta vumbi lake bila kumwambia mtu.

Mwalimu mpe salamu zangu, mwambie babu ndiye mkosaji. Shule zikifungwa Agosti mlete Baraka, nitamwonyesha jino lenyewe na nitamwomba msamaha palepale. Nauli nitatuma kwa simu.

Ila Njoroge usimwambie bado. Mama yako anasema hadi leo ndugu yako huko Mombasa anawasimulia wenzake kazini. Acha nimpigie mwenyewe.

Baba yako