Muulize Mwalimu: Mpaka wa Jimbo Unavyomeza Kura

SWALI: Mwalimu, asalaam aleikum. Hapa Faza barazani maneno ni mengi. Mara jimbo letu la Lamu Mashariki litafutwa, mara mpaka utasogezwa ili watu fulani wasipate mbunge tena. Mstari wa kwenye karatasi unamnyimaje mtu kura yake?
Msomaji, Faza

JIBU: Waaleikumu salaam, mwanangu. Kura utapiga, ila haitafua dafu.

Chukua sinia, weka kokwa 15 za tende na korosho 10. Hao ndio wapiga kura wako, nawe wagawe katika majimbo matano ya watu watano watano. Nimefundisha jiografia miaka mingi hapa Amu, mjini Lamu, na somo hili sijapata kulieleza ubaoni likaeleweka kama kwenye sinia. Ukitia kokwa tatu na korosho mbili kila fungu, kokwa wanazoa majimbo yote matano; korosho hawana hata mbunge mmoja. Sasa vuruga, upange upya. Mafungu mawili yawe kokwa tupu, kumi nzima. Zile tano zilizobaki zitawanye kati ya korosho: mbili, mbili, moja. Hesabu. Korosho wameshika majimbo matatu, nao ni kumi tu kati ya 25! Hakuna sanduku lililovunjwa, hakuna kura iliyoibwa. Mara ya kwanza nilipolifanya hilo kwa mikono yangu nilikosa usingizi.

Marekani hila hii huitwa “gerrymandering”, kwa jina la gavana wa Massachusetts, Elbridge Gerry. Mwaka 1812 alitia saini ramani yenye jimbo lililojipinda hata gazeti likalichora kama dubwana la mjusi lenye mabawa.

Sasa kwetu. Katiba ya 2010, kifungu cha 89, imeweka majimbo 290, basi. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya 47,564,296. Gawanya, kila jimbo lapata watu kama 164,000. Palipo na watu wachache, paruhusiwa kupungua kwa asilimia 40, yaani hadi kama 98,000. Lamu Mashariki ilikuwa na watu 22,258. Kaunti yetu nzima, 143,920. Mwaka 2012 majimbo madogo yaliokolewa na sharti kwamba mapitio ya kwanza ya mipaka yasifute jimbo lililokuwapo, na sharti hilo lilikuwa la mapitio hayo tu. Hofu ya barazani ina msingi, mwanangu, nami siwezi kukupaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Ila uchache wa watu si hila. Hila ni pale mpaka unapoupasua mtaa mmoja katikati, na hakuna bahari, barabara wala udugu wa watu unaoeleza kwa nini. Rasimu ya mipaka ikitolewa, tazama hapo kwanza. Tume ya uchaguzi na mipaka (IEBC) imeamriwa na Katiba hiyo hiyo izingatie umbo la nchi, historia, uchumi, utamaduni na njia za mawasiliano, na ishauriane na wahusika. Asiyeridhika ana siku 30, tangu mipaka ichapishwe katika Gazeti Rasmi la Serikali, kwenda Mahakama Kuu.

Siku 30 ni chache mno kwa mtu anayeanza kutafuta ushahidi siku hiyo. Nunua daftari leo. Nenda gatini, uwaulize manahodha: kutoka Kiunga hadi Amu ni saa ngapi, nauli kiasi gani, na wakati wa kusi ni siku ngapi mashua haithubutu kutoka. Andika pamoja na tarehe; huo ndio ushahidi wako wa njia za mawasiliano.