Wingi wa sampuli hautoshi

Ndugu, umeuliza kama wingi wa sampuli unaonyesha nchi inafuatilia vizuri homa ya mafua. Hapana. Kenya ina vituo teule vya ufuatiliaji, yaani hospitali zilizochaguliwa kuchukua sampuli za wagonjwa, tangu 2006, lakini mimi ningeanza na fomu moja ya mgonjwa aliyelazwa. Je, anatimiza vigezo vya Shirika la Afya Duniani (WHO): joto la nyuzi 38 au zaidi, au maelezo kwamba alikuwa na homa, kikohozi, kuanza kuugua ndani ya siku 10 zilizopita? Kisha soma tarehe: sampuli ya pua na koo ilichukuliwa lini, ilifika maabara lini, majibu yalirudi lini? Nafasi ya tarehe ikiachwa wazi, hapo ndipo pa kuuliza. Tena, wanaougulia nyumbani, mbali na hospitali, nani anawahesabu? Hilo linaniuma zaidi.