Maswali ya Wasomaji: Fundi Amesema Ninunue Nyingine

Barua nyingi zilizofika safari hii zimetoka Dodoma na Singida, na karibu zote zina kauli moja inayofanana: fundi ameniambia kifaa hiki kimekwisha, ninunue kingine. Inawezekana kwa vifaa vichache ni kweli. Kwa vingi vilivyoelezwa humu, ugonjwa unajulikana na tiba yake haifiki hata robo ya bei ya kifaa kipya. Barua mbili zina mambo mengi, nazo tumezipa nafasi kubwa. Zilizobaki tumezijibu kwa kifupi.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Kongwa. Nina kompyuta mpakato niliyoinunua ikiwa imekwishatumika, nami huitumia kuandaa mitihani na kujumlisha alama. Inaniambia kwamba Windows 10 haihudumiwi tena, na kila asubuhi inachukua muda mrefu mno kuwaka. Dukani nimeambiwa nichague moja kati ya mawili: ninunue mpya, au nilipie kuwekewa Windows 11 "kwa nguvu". Nifanye lipi?

Mwalimu, umeleta matatizo mawili katika barua moja, na mwenye duka ameyaunganisha kwa sababu yakiwa pamoja yanamuuzia kompyuta. Tuyatenganishe.

Ni kweli kwamba kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta haizimiki kwa sababu hiyo, wala mitihani yako haifutiki. Kilichokoma ni kuzibwa kwa mianya ya usalama inayogunduliwa baada ya tarehe hiyo, isipokuwa kwa mtumiaji aliyejiandikisha katika mpango wa nyongeza. Kwa watumiaji wa nyumbani mpango huo unafika tarehe 13 Oktoba 2026, na hutolewa bila malipo kwa mtu anayeingia kwenye kompyuta kwa akaunti ya Microsoft na kuruhusu mipangilio yake ihifadhiwe huko, ambapo asiyetaka kuihifadhi hulipa dola 30 za Marekani mara moja. Nafasi ya kujiandikisha utaikuta ndani ya Settings, kwenye ukurasa wa Windows Update, mradi kompyuta iwe na toleo la Windows 10 liitwalo 22H2 na masasisho yake yote. Hili ulifanye kwanza, kabla hujarudi dukani.

Kuhusu Windows 11, isome kompyuta yako mwenyewe badala ya kutegemea neno la muuzaji. Bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R, andika tpm.msc, kisha bonyeza Enter: dirisha litakalofunguka litakueleza iwapo kompyuta ina kijenzi cha usalama kiitwacho TPM, na toleo linalotakiwa ni 2.0. Halafu fungua Settings, System, About, utazame jina la prosesa, yaani ubongo wa kompyuta. Ikiwa imeandikwa i5-6300U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi, yaani kizazi cha 6, ambacho hakikubaliki. I5-8350U ni cha 8, na hapo ndipo prosesa nyingi za Intel zinapoanza kuruhusiwa. Zenye tarakimu tano, mfano i5-10210U, husomwa kwa tarakimu mbili za mwanzo. Kibandiko kilicho pembeni mwa kibodi hakitoshi, kwa kuwa mara nyingi huishia kusema Core i5, na i5 ya mwaka 2012 na ya mwaka 2020 zote ni i5. Masharti mengine, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4 na diski ya GB 64, kompyuta nyingi za mtumba huyatimiza.

Hiyo njia ya "kwa nguvu" ipo na inafanya kazi, kwani fundi huiruka hatua ya ukaguzi wakati wa kuweka programu. Hata hivyo Microsoft imeeleza wazi kwamba kompyuta isiyotimiza masharti haina uhakika wa kupata masasisho. Utakuwa umelipa ili uikimbie hatari, kisha uikute inakusubiri ulikohamia.

Kuchelewa kuwaka ni jambo jingine kabisa, na kama fedha ni kidogo mimi ningeanza kuziweka hapa. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua sehemu ya Performance, utazame palipoandikwa Disk. Ukikuta ni HDD, na matumizi yake yanakaa kwenye asilimia 100 kwa dakika kadhaa baada ya kuwasha huku CPU, yaani prosesa, ikiwa haina kazi kubwa, mkosaji umempata. Diski ya HDD ina sahani inayozunguka, kwa kompyuta mpakato nyingi mizunguko 5,400 kwa dakika, na kichwa cha kusomea ambacho hulazimika kuhama huku na huko kutafuta vipande vya faili vilivyotawanyika. Diski ya aina nyingine, SSD, haina kitu kinachozunguka wala kinachohama, ndiyo maana kompyuta ileile, yenye prosesa ileile na RAM ileile, ikiwekewa SSD huonekana kana kwamba imebadilishwa yote. Kwa mitihani na alama, GB 240 zinakutosha. Nakili kazi zako kwenye flashi kabla fundi hajashika bisibisi, mwombe ahamishie kila kitu kwenye diski mpya badala ya kufomati, na udai urudishiwe diski ya zamani. Diski hiyo ni mali yako, na ikiingizwa kwenye kasha la USB itakufaa kuhifadhia nakala.

Iwapo prosesa haikubaliki na tarehe ya Oktoba 2026 imekupita, Linux Mint, mfumo wa kuendeshea kompyuta unaochukua nafasi ya Windows, hupatikana bure na huendeshwa vizuri na kompyuta za umri huo. Unaweza kuijaribu ikiwa kwenye flashi bila kuigusa diski. Programu ya LibreOffice inayokuja nayo hufungua faili za Word na Excel, ingawa majedwali yenye mapambo mengi huweza kupinda, jambo ambalo mwalimu wa darasa la saba huligundua upesi.

Nina duka la steshenari Kizota, jijini Dodoma. Kompyuta yangu ya mezani hufanya kazi vizuri asubuhi, lakini ikifika mchana hujizima bila onyo, na miezi ya Agosti na Septemba hali huwa mbaya zaidi. Nimebadilishiwa pawa saplai na tatizo limebaki palepale.

Saa na miezi uliyoitaja inatosha kuelekeza kidole kwenye joto. Prosesa hujilinda: inapopata moto kupita kiasi hupunguza kasi yake kwanza, na joto likizidi kupanda hadi karibu nyuzi 100 za Selsiasi, kompyuta hukata umeme ili isiungue. Dodoma hukaa miezi mingi bila mvua, tangu Mei hadi Novemba, na upepo wa kipindi hicho huinua vumbi la barabara ambazo hazijawekwa lami na kulileta mpaka ndani ya duka. Feni ya kompyuta haichagui hewa. Hulivuta vumbi hilo siku nzima na kulishindilia kwenye mapezi ya chuma yaliyo chini yake, ambayo kazi yake ni kutawanya joto.

Ili usibadilishe kifaa kingine kwa kubahatisha, pima kwanza. Programu ya bure ya HWMonitor huonesha joto la prosesa. Iache wazi tangu asubuhi, uangalie namba zinavyopanda kadiri jua linavyopanda. Kisha zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe, ufungue ubavu wa kasha na umulike kwa tochi. Ukitazama kwa juu unaweza kudhani feni ni safi, kwa sababu mabawa yake yana vumbi jepesi tu. Tazama chini yake, pale mabawa yanapokutana na mapezi: mara nyingi utakuta vumbi limegandamana kama kipande cha blanketi, la kijivu, lenye nyuzi za karatasi ndani yake, na kwa duka la fotokopi huchanganyika pia na unga wa tona.

Fungua skrubu za feni, uitoe, na ulibandue tabaka hilo kwa mkono kabla ya kutumia brashi laini ya rangi iliyo kavu. Ukitumia blowa ya mafundi, fanyia kazi hiyo nje, na uizuie feni kwa kidole isizunguke, kwa maana ikisukumwa na upepo mkali huzunguka kupita uwezo wake na kuharibu beringi. Mashine ya kujazia upepo matairi usiikubali hata ukipewa bure, kwani upepo wake mara nyingi huwa na matone ya maji na mafuta. Kama kompyuta imezidi miaka mitano na haijawahi kufunguliwa, mwambie fundi abadilishe pia gundi ya kupitishia joto iliyo kati ya prosesa na mapezi, maana hukauka na kuwa ngumu. Ya zamani hufutwa kwa spiriti, na mpya hupakwa kidogo tu katikati.

Baada ya hapo, inyanyue kompyuta kutoka sakafuni na uisogeze mbali na mlango. Naomba pia radhi kwa wenye vitambaa vya kufuma: kitambaa kilichotandikwa juu ya kompyuta ni kizuri inapokuwa imezimwa, lakini ikiwaka huziba matundu ambayo hewa ya moto ingetokea. Kusafisha mara mbili kwa mwaka, kiangazi kinapoanza na kinapokaribia kwisha, kunatosha kwa duka kama lako.

Nipo Singida mjini. Mpiga picha amenipa video ya harusi ya binti yangu yenye ukubwa wa GB 6. Flashi yangu ni ya GB 32 na haina kitu, lakini kompyuta inasema faili ni kubwa mno. Je, flashi ni feki?

Flashi feki zipo, lakini hiyo, mama, haina dalili hizo. Tatizo ni mpangilio uliomo ndani yake, uitwao FAT32, ambao haupokei faili moja inayofika GB 4 hata kama nafasi ni tele. Ungeweza kuijaza video ishirini ndogo bila shida, ila moja ya GB 6 itakataliwa kila mara. Hamisha kwanza chochote unachokihitaji, kwa sababu hatua inayofuata hufuta vyote; kisha bofya alama ya flashi kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Format, na mahali palipoandikwa FAT32 weka exFAT. Tahadhari moja: baadhi ya televisheni, hasa za zamani, hazisomi exFAT, na kama nia yako ni ndugu waitazame sebuleni, mwombe mpiga picha aigawe video katika vipande viwili vya chini ya GB 4 na uiache flashi kama ilivyo.

Ninalima zabibu Hombolo. Nikiwa shambani simu huandika kwamba ina joto kali na hukataa kuchaji kwa umeme wa sola. Je, betri imekufa?

Betri inajihami, haijafa. Betri za lithiamu huchoka haraka zinapochajiwa zikiwa na moto, na kwa mfano Apple huelekeza simu zake zitumike mahali penye nyuzi 0 hadi 35 za hewa, wakati simu iliyolala juani hupita kiwango hicho hata siku isiyo na joto kubwa. Paneli ndiyo inayohitaji jua. Simu ikae kivulini, ikiwa imevuliwa kava, au ichajiwe jioni kutoka kwenye pawabenki. Usiipoze kwa friji wala kwa maji, maana unyevu utajikusanya ndani. Simu nyingi za sasa pia zina mpangilio wa kusimamisha chaji kwenye asilimia 80, nao husaidia betri kudumu.

Mtu aliyejiita mjumbe wa kikundi chetu cha Kondoa alinipigia, akaniomba namba sita zilizoingia kwenye ujumbe. Nilimtajia, na sasa WhatsApp yangu imefungwa na anawaomba watu fedha kwa jina langu.

Fungua WhatsApp upya kwa namba yako sasa hivi, upokee namba sita nyingine na uziingize. Ukifanya hivyo, yeye ndiye atakayetolewa. Iwapo ameweka nywila ya hatua ya pili, itakubidi usubiri siku saba, lakini hata katika siku hizo yeye pia atakuwa ametolewa. Wapigie ndugu na wanakikundi kwa simu ya kawaida, na namba ya tapeli uitume kwenda 15040. Ukirudi ndani, weka nywila yako mwenyewe kwenye Settings, Account, Two-step verification. Na kwa kuwa umekwishashika simu, piga *106# uone ni laini zipi zimesajiliwa kwa namba yako ya NIDA.

Nataka kununua simu iliyotumika hapa Mpwapwa. Nikague nini kabla ya kutoa fedha?

Piga *#06#, ulinganishe namba ya IMEI (namba ya utambulisho wa simu) inayotokea na ile ya kwenye boksi, kisha itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 ili usome majibu yanataja aina ipi ya simu. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilizifungia simu bandia tangu Juni 2016, kwa hiyo majibu yasiyolingana na simu unayoishika ni sababu tosha ya kuondoka. Mtake muuzaji aondoe akaunti yake ya Google mbele yako na airudishe simu katika hali ya kiwandani mkiwa wote wawili mmekaa hapo. Ikiwaka tena na kudai akaunti ya mmiliki wa zamani, usipokee ahadi kwamba fundi fulani ataifungua kesho. Mrudishie simu yake na ubaki na fedha zako.