Mwanangu, uliniuliza falsafa ni nini

Nairobi, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi hatujambo. Mama yako goti bado linamsumbua, lakini leo ametembea mwenyewe hadi kanisani. Ujumbe wako niliusoma Ijumaa nikiwa kibandani, nikaona si wa kujibiwa kwa mistari miwili ya simu. Uliandika: "Baba, mimi nasomea uuguzi lakini tumewekewa somo la falsafa. Mhadhiri anataja metafizikia, epistemolojia, maadili na mantiki mpaka kichwa kinauma. Falsafa ni nini hasa, na muuguzi ataipeleka wapi?"

Ninachokijua nimekipata katika hivi vitabu vya mtumba ninavyouza, na kwa wanafunzi wa chuo ambao huja kuteta bei, tukaishia kuteta mambo mengine kabisa. Nitakujibu kutoka hapo.

Neno lenyewe limetoka mbali. Wagiriki walisema philosophia, yaani kupenda hekima. Waarabu wakalichukua likawa falsafa, nasi tukalipokea kwao. Ni kuipenda hekima, si kuwa nayo, na anayependa kitu hachoki kukitafuta.

Ukiwauliza watu hapa mjini kuhusu falsafa ya Kiafrika, wengi watakutajia methali. Nazipenda methali, umelelewa nazo. Lakini unakumbuka nilivyokuwa nikikuambia haraka haraka haina baraka, na nyanya yako anajibu kutoka jikoni kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo? Yote ni maneno ya wahenga, na huwezi kuyafuata yote kwa wakati mmoja. Yanapogongana, mtu akakaa chini kuuliza lipi lifuatwe lini, na kwa sababu gani, hapo ndipo falsafa inaanza.

Jambo hili alilishughulikia sana Henry Odera Oruka, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, mwendo wa miguu tu kutoka ninapotandaza vitabu. Walikuwako wasomi walioshikilia kwamba pasipo maandishi hakuna falsafa. Oruka akawaendea wazee, akawahoji, na majibu yao akayachapisha. Akaona wako wa aina mbili. Wapo wanaoijua mila na kuieleza kama walivyoipokea, na wapo wanaoipima mila yenyewe. Miongoni mwa hao wa pili alikuwa Mzee Paul Mbuya Akoko, Mluo, aliyesema kwamba watu wake walikosea kudhani Mungu wao ni tofauti na Mungu wa watu wengine, kwa sababu miungu ingekuwa mingi, maumbile yangekwenda ovyo ovyo. Kubali au ukatae, lakini tazama alichofanya: amewapinga watu wake mwenyewe, tena kwa hoja.

Hoja ya Mzee Mbuya iko upande wa metafizikia, inayouliza ni nini kipo na kipo kwa namna gani: Mungu, roho, wakati. John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, aliandika mwaka 1969 kwamba kwa Mwafrika wa jadi wakati una sehemu mbili, akazipa majina ya Kiswahili, Sasa na Zamani, na kwamba wakati ujao wa mbali karibu haumo. Wengi walimpinga, na mimi niko nao. Anayepanda mwembe anajua watakaokula ni wajukuu.

Epistemolojia inauliza kujua ni nini. Mwezi uliopita saa ya jikoni ilisimama saa moja na dakika kumi, na hakuna aliyegundua. Asubuhi moja mama yako akaitupia jicho, akaniambia, "Saa moja na dakika kumi hii, utachelewa." Nikatazama simu, na kweli ilikuwa saa moja na dakika kumi kamili! Sasa niambie, mama yako alijua ni saa ngapi? Aliamini, alichoamini kilikuwa kweli, na alikuwa na sababu nzuri, maana saa ile ilikuwa haijatudanganya miaka yote. Hata hivyo moyo unakataa kusema alijua. Bertrand Russell, Mwingereza, alitoa mfano wa saa iliyosimama vivi hivi mwaka 1948. Mwaka 1963 Edmund Gettier wa Marekani akachapisha makala ya kurasa tatu hivi, akaonyesha kwamba kuamini jambo la kweli, hata ukiwa na sababu, bado si lazima kuwe kulijua. Ubishi huo haujaisha. Ukishika mashine ya presha wodini na kusoma namba, ikumbuke saa yetu.

Mantiki utaielewa upesi, ni kuchunguza kama hoja inashikana. Malaria huleta homa, mgonjwa huyu ana homa, basi ana malaria. Inasikika sawa, kumbe haishikani, kwa sababu homa ina wazazi wengi. Kuna ujumi pia, unaouliza uzuri ni nini, lakini huo tutauzungumza ukija nyumbani.

Maadili ndiyo yaliyonifanya nichukue karatasi. Nyanya yako alipolazwa ulikuwa kidato cha pili, kwa hiyo hili hukuambiwa. Daktari alituita kwenye ujia, akatuambia ni saratani ya kongosho na imeshasambaa. Tukakubaliana, sisi watoto wake, tusimwambie. Niliporudi kitandani akanishika mkono, akaniuliza, "Wamesemaje?" Nikamjibu ni vidonda vya tumbo. Akanitazama kwa muda, kisha akaniomba nimwekee mto vizuri. Hakuuliza tena. Baada ya mazishi, mama mmoja waliyelazwa naye alituambia kwamba nyanya yako alitamani sana amwone dada yake wa Taveta kabla hajafa. Hakutuambia sisi. Angetuambiaje, na sisi tulishamwambia atapona?

Miaka kadhaa baadaye nilimsoma Immanuel Kant, Mjerumani, aliyeshikilia kwamba kusema uongo ni kosa hata mbele ya muuaji anayekuuliza rafiki yako amejificha wapi. Huko kwa muuaji sikumfuata. Lakini alisema pia kwamba mtu asitumiwe kama chombo tu cha kufikia haja za wengine, na hapo niliufunika ule ukurasa nikakaa kimya. John Stuart Mill wa Uingereza yeye anataka tupime matokeo: kipi kitaleta furaha zaidi na maumivu machache zaidi, kwa wote wanaoguswa. Nilidhani Mill atanitetea. Nilipopiga hesabu upya nikaona nilikuwa nimehesabu machungu yetu, na ya mama nikayakisia. Ami yako mkubwa bado anasema tulifanya sawa, kwamba kwetu ugonjwa ni wa familia nzima na familia ndiyo huamua. Hoja yake ina uzito, siidharau. Ila na mama alikuwa familia, na ndiye pekee ambaye hakuulizwa.

Basi hapo ndipo muuguzi anaipeleka falsafa. Daktari ataondoka, ndugu watakuvuta pembeni wakikuomba usiseme kitu, halafu mgonjwa atakushika mkono akuulize. Utakuwa na sekunde chache tu, na hizo hazitoshi kuanza kufikiri. Fikiri sasa, darasani, ukiwa na watu wa kubishana nao.

Kitabu cha Oruka kuhusu hao wazee, kilichotoka 1990, nilikipata kwenye gunia la juzi. Jalada limechanika lakini kurasa zote zimo. Nitakituma kesho kwa basi la asubuhi, ukakichukue ofisini kwao na kitambulisho chako. Usikikopeshe mtu kabla hujakimaliza. Na mhadhiri akiwafikisha kwenye maadili, muulize hili kwa niaba yangu: mgonjwa ambaye mwenyewe hataki kuambiwa, je, ana haki ya kufichwa? Niandikie watakavyojibu wenzako.

Ni mimi baba yako.