Mboga za majani na kumbukumbu za mama

Dada, umeuliza kama mchicha na matembele vinaweza kumsaidia mama anayesahausahau. Kusaidia vinaweza kusaidia, ila si dawa ya kurudisha kumbukumbu zilizopotea. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Rush kule Chicago, Marekani, walitoa utafiti 2018, waliwafuatilia wazee 960 karibu miaka mitano, waliokula mboga za majani kama mara moja kwa siku akili zao zilishuka polepole kuliko wale ambao karibu hawali kabisa, tofauti ni kama akili zao zilikuwa changa kwa miaka 11 hivi. Virutubisho wanavyodhani vinachangia ni pamoja na foleti (vitamini ya kundi B), luteini (rangi ya asili iliyomo kwenye mboga za majani) na vitamini K. Sasa usichemshe mpaka maji yawe kijani halafu ukayamwaga, foleti inaondoka nayo, kaanga juu juu na mafuta kidogo maana luteini na vitamini K bila mafuta mwili hauzipati vizuri.

Lakini nakuomba sana, kama mama anatumia metformini, dawa ya kisukari, au hagusi kabisa nyama, samaki, mayai wala maziwa, mpeleke hospitali apimwe vitamini B12, hiyo kwenye mchicha haipo, na ikipungua mtu anasahau watu wanasema ni uzee tu kumbe ikiwahiwa inatibika.