Maswali na majibu: Chandarua kilichofaulu kufuliwa mara 20 maabara kinashindwaje na mbu wa kijijini?

SWALI: Mtaalamu, pokea salamu zangu. Ninafundisha kemia shule ya sekondari, na pamoja na wanafunzi wangu tumesoma ripoti mbili za utafiti kuhusu vyandarua vyenye dawa ya muda mrefu. Ripoti ya kwanza inaeleza kwamba chandarua kilifuliwa mara 20 na bado kikaua karibu mbu wote maabara. Ya pili inahusu chandarua cha aina hiyohiyo, lakini inasema kuwa kijijini mbu wengi waliokigusa hawakufa. Tuna maswali mawili. Dawa inakaaje ndani ya uzi bila kumalizwa na maji na sabuni? Na kati ya ripoti hizi, ipi ina makosa?

JIBU: Mwalimu, ripoti zote mbili zinaweza kuwa sahihi kabisa, kwa sababu hazikuuliza swali moja. Utendaji wa chandarua hutegemea vitu vitatu, yaani uzi, kemikali na mdudu, na kila jaribio hupima kipande tu cha uhusiano wa vitu hivyo. Usomaji mbaya wa tafiti hizi hutokea pale jibu la jaribio moja linapochukuliwa na kubandikwa kwenye swali jingine. Nitaanza na uzi, kwa sababu ndiko jibu la swali lako la kwanza liliko, na kwa sababu kazi ya wahandisi wa nyuzi haitajwi inavyostahili kila tunapozungumzia malaria.

Hapo zamani chandarua kilichovywa katika maji yenye dawa, kikaanikwa, kisha kikatumika. Dawa ilishika juu ya uzi tu, hivyo ilibidi kukichovya upya kila baada ya miezi 6 hadi 12, na kaya nyingi hazikurudia. Suluhisho lilikuwa kuufanya uzi wenyewe uwe ghala la dawa, na zilipatikana njia mbili zinazotofautiana kwa sababu ambayo mwalimu wa kemia ataifurahia.

Njia ya kwanza hutumia poliethilini. Plastiki hii huyeyuka kwa joto la takriban nyuzi 130 za Selsiasi, nayo dawa ya kuua mbu iitwayo permethrini huchanganywa ndani yake plastiki ikiwa imeyeyuka, kwa kiasi cha asilimia 2 ya uzito, kabla ya kuvutwa kuwa nyuzi. Chandarua cha kwanza cha aina hii kilipendekezwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 2001. Ndani ya uzi kuna maeneo ambayo minyororo ya plastiki imejipanga kama fuwele, na maeneo mengine ambayo haina mpangilio. Kwa kuwa poliethilini haigandi na kuwa ngumu kama kioo mpaka ifikie baridi kali iliyo chini sana ya nyuzi sifuri, minyororo ya yale maeneo yasiyo na mpangilio huendelea kucheza hata katika joto la kawaida la chumba, na molekuli ndogo kama za permethrini hupenya katikati yake zikielekea juu ya uzi. Ukifua, unaondoa dawa iliyo juu. Tofauti ya wingi wa dawa kati ya ndani na nje inaongezeka, na tofauti hiyohiyo ndiyo inayosukuma dawa nyingine itoke. Kasi yake hutegemea joto, na kazi hiyo huchukua siku, si dakika. Ndiyo maana mwongozo wa WHO unataka watafiti wapime kwanza muda ambao chandarua kinahitaji ili kurejesha nguvu yake, kisha mifuo ifuatane kwa kuzingatia muda huo. Maabara inayopima mapema mno baada ya kufua itapata matokeo mabaya kutoka kwa chandarua kizima.

Njia ya pili hutumia poliesta, na hapa kemia inabadilika. Poliesta huyeyuka karibu na nyuzi 250, joto linalohatarisha molekuli za kiuatilifu. Zaidi ya hayo, minyororo yake huanza kulegea kwenye joto la nyuzi 70 hivi, kwa hiyo katika joto la chumba imetulia, na molekuli iliyofungiwa katikati yake isingetoka kwa kasi yenye manufaa. Kwa sababu hiyo dawa, mara nyingi deltamethrini, hupakwa juu ya uzi ikiwa imeshikwa na utando wa resini ambao huiachia kidogokidogo. Kiwango kinachojulikana sana ni miligramu 55 za deltamethrini kwa kila mita ya mraba, wakati chandarua cha poliethilini nilichokitaja kina takriban miligramu 1,000 za permethrini kwa eneo hilohilo. Wanafunzi wasihitimishe kwamba chenye dawa nyingi ndicho bora. Deltamethrini huua kwa kiasi kidogo zaidi, na kilichozama ndani ya uzi hakimgusi mbu; kinachomgusa ni kile kilichopo juu yake wakati anapotua.

Sasa tuangalie maana ya "mara 20". Kipande cha chandarua chenye ukubwa wa sentimita 25 kwa 25 huwekwa katika nusu lita ya maji yenye gramu 2 za sabuni kwa lita, kikatikiswa kwa mashine mara 155 kwa dakika katika joto la nyuzi 30 kwa muda wa dakika 10, kisha kikasuuzwa mara mbili. Hakuna jiwe, hakuna kusugua kwa mikono, hakuna dawa ya kung'arisha nguo wala jua kali, ingawa mionzi ya urujuanimno huvunja molekuli hizi, na ndiyo sababu ya ushauri wa kuanika chandarua kivulini. Baada ya mifuo hiyo, mbu majike watano ambao bado hawajanyonya damu hufunikwa kwa koni ya plastiki juu ya kipande hicho kwa dakika 3, na zoezi hurudiwa mpaka idadi itoshe. Watafiti huhesabu walioanguka baada ya dakika 60 na waliokufa baada ya saa 24. Chandarua kimefaulu iwapo angalau asilimia 95 wameanguka au angalau asilimia 80 wamekufa.

Lakini mbu hao ni akina nani? Ni mbu wa maabara waliolelewa vizazi kwa vizazi bila kukutana na kiuatilifu. Ukoo unaotumika sana ni wa Anopheles gambiae uitwao Kisumu. Wamechaguliwa makusudi kwa sababu ya udhaifu wao, kwa kuwa hapa mbu ni chombo cha kupimia: akifa, tunajua kwamba dawa bado ipo na inafikika juu ya uzi. Basi ripoti yenu ya kwanza imethibitisha kwamba uzi umetunza dawa yake. Haikuahidi lolote kuhusu mbu wa porini, na mwandishi aliyeitumia kuahidi hivyo amevuka mpaka wa ushahidi wake.

Ripoti ya pili inamhusu mdudu. Permethrini, deltamethrini na jamaa zake wa kundi la pairethroidi, ambalo kemia yake ilitokana na ua la pareto, hushambulia milango ya sodiamu katika seli za neva. Mlango uliopaswa kufunguka na kufungwa hubaki wazi, neva hupiga mfululizo, na mbu huanguka. Mbu wamejibu kwa njia kuu mbili. Wengine wana badiliko la jeni katika nafasi ya 1014 ya protini ya mlango huo, ambapo nafasi ya asidi amino ya leusini imechukuliwa na fenilalanini au serini, na dawa haishiki tena vizuri. Wengine huzalisha kwa wingi vimeng'enya vya kundi la P450 vinavyovunjavunja dawa kabla haijafika kwenye neva. Mara nyingi mbu mmoja huwa na silaha zote mbili, na hapo chandarua kilichojaa dawa humgusa naye akaruka zake.

Watafiti wamejaribu kuvizunguka vimeng'enya hivyo, na kwangu mimi hii ndiyo sehemu nzuri kuliko zote. Kemikali iitwayo piperonili butoksidi, kwa kifupi PBO, huvizuia vimeng'enya hivyo ili pairethroidi ifanye kazi yake. Utafiti uliofanyika Muleba, Tanzania, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha faida yake waziwazi. Klorofenapiri, kiuatilifu kingine, hufanya kinyume. Yenyewe haina sumu kubwa mpaka vimeng'enya vya mbu viibadilishe kuwa kemikali nyingine, ambayo hukatiza utengenezaji wa nishati ndani ya mitokondria. Kwa maneno mengine, mashine ileile iliyompa mbu usugu ndiyo inayomtengenezea sumu. Waulize wanafunzi wako nini kitatokea ukiweka PBO na klorofenapiri katika chandarua kimoja. Wataona wenyewe kwamba PBO ingezima vimeng'enya ambavyo klorofenapiri inavihitaji, na kwamba kujumlisha vitu viwili vizuri hakuleti lazima kitu kizuri zaidi.

Hapa pia ndipo ilipo hatari ambayo ningependa kila mtafiti kijana aiogope. Klorofenapiri huua polepole, na hufanya kazi vizuri zaidi kwa mbu anayeruka na kutafuta damu usiku, wakati mwili wake unatumia nishati nyingi. Ukiipima kwa koni, dakika 3 mchana, kisha ukahesabu vifo baada ya saa 24, utaona chandarua dhaifu. Ukiipima kwa jaribio la handaki, ambamo mbu huachwa usiku kucha upande mmoja wa wavu uliotobolewa huku mnyama akiwa upande wa pili, na ukahesabu vifo hadi saa 72, unaona chandarua chenye nguvu. Jaribio lisilofaa lingeweza kukitupa kifaa kinachookoa watoto, bila mtu yeyote kukosea hesabu.

Kwamba kinaokoa tunajua kutokana na utafiti mkubwa uliofanyika Misungwi, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, na kuchapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2022. Maeneo 84 yaligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi manne ya vyandarua. Yaligawanywa maeneo, si kaya moja moja, kwa kuwa mbu anayekufa nyumbani kwako hamng'ati jirani yako, na ukichanganya vyandarua tofauti katika kitongoji kimoja huwezi tena kuzitenganisha athari zake. Nikichukua matatu kati ya makundi hayo, baada ya miezi 24 watoto waliokutwa na vimelea vya malaria walikuwa asilimia 45.8 katika kundi la pairethroidi peke yake, asilimia 40.7 katika kundi la PBO, na asilimia 25.6 katika kundi la klorofenapiri pamoja na pairethroidi. Mwaka 2023 WHO ikapendekeza aina hiyo ya mwisho kwa maeneo yenye usugu. Angalieni jinsi kundi la PBO lilivyokaribiana na lile la kwanza ilipofika mwaka wa pili. Nadhani hapo tunarudi kwenye uzi, maana imeonekana katika vyandarua vilivyotumika kwamba PBO hupungua haraka kuliko pairethroidi iliyo pamoja nayo.

Kuhusu ufuaji wa nyumbani sina mengi ya kuongeza: sabuni ya kawaida isiyo kali, si zaidi ya mara moja kila miezi mitatu, na kuanika kivulini.

Bado kuna kipimo kimoja ambacho darasa lako linaweza kukifanya bila maabara, nacho ni matundu. Nyuzi hupimwa kwa denia, yaani uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. Poliesta ya vyandarua huwa denia 75 au 100, na poliethilini huwa 150 au karibu na hapo. Hata hivyo denia kubwa pekee haizuii kuchanika, kwa sababu aina ya ufumaji, ncha za kitanda, moto na panya vina nafasi kubwa. WHO huhesabu matundu kwa ukubwa: la sentimita 0.5 hadi 2 hupewa alama 1, la 2 hadi 10 alama 23, la 10 hadi 25 alama 196, na linalozidi 25 alama 576. Jumla isiyozidi 64 ni chandarua kizuri; inayozidi 642 ni chandarua kilichochakaa mno. Chukueni chandarua chenye matundu madogo 10 na mawili ya daraja la pili: jumla ni 56, bado ni kizuri. Ongezeni matundu matatu ya daraja la tatu, jumla inakuwa 644, na chandarua hicho kimevuka mpaka hata kama dawa yake yote ingali ndani ya uzi.

Wafanye hesabu hiyo, kisha warudi kwenye ripoti yenu ya pili watazame kama inaeleza hali ya matundu ya vyandarua vilivyopimwa. Mbu asiye na usugu akitafuta tundu kwenye chandarua chenye dawa mara nyingi hufukuzwa au hufa kabla hajalipata. Mbu sugu ana muda wa kutembea juu ya uzi mpaka alifikie, hivyo tundu lililokuwa dogo kwa mbu wa miaka ya nyuma ni mlango kwa huyu wa leo. Kama ripoti hiyo haitaji matundu, haitaji mbu walikusanywa wapi, wala haisemi chandarua kilikuwa kipya au kilikuwa kimetumika miaka miwili, waandikieni waandishi wake muwaulize, kwa sababu bila taarifa hizo haiwezi kulinganishwa na ile ya kwanza.